Bane na Penseli Kubwa: shajara ya kuwarudisha mashujaa wa leo mwaka 1966

Machi, mwanzoni

Mradi wenyewe ni huu: kuwachukua wahusika wa katuni za Marekani waliozaliwa baada ya mambo kuwa mazito, yaani kuanzia miaka ya 1980 kuja huku, na kuwachorea majalada kana kwamba yalitoka mwaka 1966. Kila mhusika anapata jalada na ukurasa mmoja wa ndani, maneno yote kwa Kiswahili. Orodha ya kwanza ina Bane, Venom, Deadpool, Harley Quinn, Spawn, Miles Morales na Jessica Jones. Punisher nimemwingiza ingawa ni wa 1974, maana orodha ya watu wenye hasira bila yeye ingekuwa na pengo.

Kazi za namna hii zimejaa mtandaoni, na nyingi zinafanya jambo lilelile. Mtu anachukua mchoro wa kisasa, anaumwagia vitone, anaupaka umanjano wa karatasi kuukuu, kwisha. Ni kijana wa leo aliyevaa koti la babu yake. Mimi nataka kujibana kwa masharti yaliyowabana wachoraji wenyewe wa wakati ule, halafu nione mhusika anabaki na nini. Zile mbwembwe, zile rangi za pipi, yale masokwe yenye akili na mbwa wanaoruka na joho mgongoni, havikuja kwa sababu watu hawakujua kuchora au hawakuyajua maisha. Carmine Infantino, mchoraji wa enzi zile, alijua kupanga picha kuliko wengi wetu tunaomcheka. Vilitokana na sheria, na mashine, na jarida la senti 12 lililopaswa kumnasa mtoto aliyesimama mbele ya rafu akiwa na hela ya jarida moja tu.

Sharti la kwanza ni Kanuni. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto, kamati ya Seneti ikafanya vikao vyake, na wachapishaji wakaona afadhali wajikague wenyewe kabla hawajakaguliwa. Wakaunda Comics Code Authority na muhuri wake mdogo wa kwenye kona ya jalada. Jarida lisilo na muhuri lilipata shida kufika dukani, kwa hiyo haikuwa hiari hata kidogo. Nimezichapa kanuni zake na kuzibandika ukutani juu ya meza. Kila mara wema ushinde na mhalifu aadhibiwe. Polisi, majaji na watumishi wa serikali wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Wafu wanaotembea ni marufuku, vampaya ni marufuku, mateso ni marufuku.

Sharti la pili ni rangi. Njano, nyekundu ya majenta na samawati, kila moja kwa kiwango cha robo, nusu au kamili, au isiwepo kabisa. Ukizichanganya zote unapata rangi 64, hakuna ya 65. Mpakaji rangi alipaka nakala ya ukurasa kwa rangi za maji, kisha akaandika alama pembeni ya kila sehemu: ngozi ya Mzungu ilikuwa Y2R2, yaani robo ya njano na robo ya nyekundu. Kurasa zikapelekwa Bridgeport, Connecticut, ambako mafundi, wengi wao wanawake, walizitenga rangi kwa mkono, sahani baada ya sahani. Uchapaji wenyewe ulifanyika Sparta, Illinois, kwenye karatasi ya gazeti inayonyonya wino kama haina akili nzuri. Programu yangu ina rangi mamilioni. Nimetengeneza faili lenye vijisanduku 64 na nimejifungia humo.

La tatu, ukubwa. Hadi karibu mwaka 1967 wachoraji walichora mara mbili ya saizi ya kuchapwa, eneo la mchoro likiwa takriban inchi 12.5 kwa 18.5. Ukurasa ukipunguzwa, mstari unakaza na mtikisiko wa mkono unapotea. Manila ya A2 inatosha na chenji inabaki.

Machi, katikati: Bane

Nimeanza na mgumu makusudi. Bane alitokea Januari 1993, kazi ya Chuck Dixon, Doug Moench na Graham Nolan, na mwaka huohuo katika Batman namba 497 akafanya jambo ambalo mpaka leo ndilo jina lake: alimnyanyua Batman juu na kumvunja mgongo kwa goti. Nguvu zake zinatokana na dawa inayopita kwenye mirija hadi kichwani.

Yote mawili yanagonga ukuta. Habari ya dawa za kulevya haikupita kwa wakaguzi hata ilipokuwa ya kukemea. Mwaka 1971 mwandishi Stan Lee alipoandika hadithi ya namna hiyo katika Spider-Man namba 96 hadi 98, ilibidi majarida yale yatoke bila muhuri. Kuvunja uti wa mgongo wa mtu jaladani, usiseme.

Dawa imenisumbua kidogo tu, kwa sababu jibu lilikuwapo tangu 1960. Katika jarida la Flash, shujaa wa mbio, namba 112, alitokea Ralph Dibny, jamaa anayejivuta kama mpira, na siri yake ni kinywaji kilichokamuliwa kutoka tunda linaloitwa gingo. Anakunywa juisi, anarefuka. Hakuna aliyeuliza swali. Kwa hiyo Bane wangu amebeba mgongoni tangi la kioo lenye juisi ya zambarau, na mirija inaingia mdomoni badala ya kichwani. Lebo ya tangi inasema JUISI YA MISULI. Juu yake nimechora povu.

Mgongo ndio uliokula muda. Nimepindua wazo huku na huku hadi nilipomkumbuka Bill Finger, mwandishi aliyependa kuwapeleka Batman na Robin kwenye maonyesho ya vitu vikubwa kupita kiasi: taipureta kubwa kama nyumba, sarafu kubwa kama gurudumu la trekta. Mchoraji Dick Sprang aliyachora madude hayo kwa uzito uleule ambao angemchorea mtu kanisa. Basi nikapata: maonyesho ya vifaa vya ofisi mjini Gotham. Bane amepiga goti moja, misuli imemtoka, tangi linatoa povu, na juu ya goti lake amevunja vipande viwili penseli yenye urefu wa mita nane. Mkao ni uleule wa 1993, mkono wa kushoto palepale, goti palepale. Mwenye kujua atajua. Vipande vya mbao vinaruka kuelekea kwa msomaji, na ncha ya penseli inaonekana kwa mbali ikielekea kwenye umati.

Robin, akiwa amenyoosha kidole: «Batman! Amevunja penseli kubwa kuliko zote duniani kwa goti lake!»

Batman: «Naam, Robin! Na sasa meya hataweza kutia saini mkataba wa amani!»

Mstari huu wa pili umetoka wenyewe na sitaugusa. Kwa nini meya atie saini kwa penseli, tena ya mita nane? Hilo ndilo swali ambalo mwaka 1966 halikuulizwa. Mbwembwe za wakati ule hazimkonyezi mtu. Adam West, aliyemwigiza Batman katika kile kipindi cha televisheni cha ABC kilichoanza Januari 1966, alisoma maneno ya kipuuzi kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu, na uzuri wote uko hapo. Angecheka hata mara moja, kipindi kingekufa.

Nimegundua pia kwamba Bane hakupungukiwa. Mtu wake wa ndani ni ukubwa unaotumia akili, na hicho kinapita kwenye chujio la 1954 bila kujikuna.

Machi, mwishoni

Harley Quinn amekwisha jioni moja. Paul Dini na Bruce Timm walimbuni kwa ajili ya katuni ya televisheni ya 1992 akiwa tayari na vazi la mchekeshaji la nyekundu na nyeusi, kengele, kola ya manyoya. Ni mtu wa 1966 aliyechelewa kuzaliwa. Nilichomwongezea ni mandhari kuinama: katika kile kipindi maficho ya wahalifu yalipigwa picha kamera ikiwa imelala upande, ati kwa sababu wao si wanyoofu. Nimeinamisha sakafu yake. Basi.

Spawn nimemtoa. Mwanajeshi aliyekufa akarudi kutoka jehanamu ni mfu anayetembea kwa tafsiri yoyote ile. Njia ya enzi zile ya kukwepa ilikuwa kusema mwishoni kwamba ilikuwa ndoto, roboti au hila ya shujaa mwenyewe, lakini Spawn aliyegeuka roboti hana sababu ya kuwa Spawn. Amebaki na joho, na joho peke yake ninaweza kulichora siku yoyote.

Venom amekubali vizuri kuliko nilivyotarajia. Yeye ni wa Mei 1988, Amazing Spider-Man namba 300, na kiini chake ni vazi lenye uhai lililotoka nje ya dunia. Sasa, miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na ugonjwa wa mavazi. Detective Comics namba 241 ya Machi 1957 ina Batman anayevaa kila usiku suti ya rangi nyingine, mara ya waridi, mara ya kijani, mwishowe ya upinde wa mvua. Sababu? Dick Grayson, ambaye ndiye Robin, ameumia mkono akimwokoa mtoto, na Batman anataka watu wamtazame yeye wasije wakauona mkono wa Robin ukiwa na jeraha lilelile. Ukilitafakari, ni jambo la upendo kabisa.

Kwa hiyo vazi la Venom halina ulimi wala mate. Ni vazi lenye wivu. Linampenda mvaaji, na kila akijaribu nguo nyingine linajigeuza kuwa zuri zaidi: koti na suruali, vazi la harusi, sare ya mpira. Jaladani yupo ndani ya duka la nguo, amezungukwa na sanamu za kuonyeshea mavazi, na zote zimegeuka kumtazama. Nyeusi yenyewe haikuachwa kavu siku hizo. Walitoa mng'ao wa buluu ili umbo lionekane, kama zinavyofanywa nywele za Superman. Nimefuata hivyo, na Venom ghafla ana sura ya kiatu kilichopigwa kiwi.

Aprili: Punisher

Huyu amenishinda kwa namna inayofaa kuandikwa.

Frank Castle, ndilo jina halisi la Punisher, alitokea Februari 1974 katika Amazing Spider-Man namba 129. Familia yake iliuawa, naye anaua wahalifu. Ukiisoma sentensi hiyo chini ya Kanuni inabaki nusu ya kwanza, tena isimuliwe kwa fremu mbili tu na machozi, kama wazazi wa Bruce Wayne, yaani Batman. Nusu ya pili haipo. Shujaa haui. Sheria haidharauliwi. Anayejichukulia sheria mkononi lazima mwishoni apeane mkono na kamishna wa polisi.

Fuvu la kifuani halikuwa tatizo. Mafuvu yalikuwapo tele kwenye majalada. Tatizo ni kazi yake. Nikampa gari. Katika lile pango la Batman la televisheni kila mashine ilikuwa na kibao kinachoitaja, hata ile ambayo mtoto wa chekechea angeitambua, kwa hiyo ubavu wa gari la Castle umefunguka na kila silaha ina kibao: BUNDUKI YA GUNDI. NYAVU ZA WAHALIFU (KUBWA). NYAVU ZA WAHALIFU (NDOGO). POVU LA KUTELEZESHA. Chini kabisa, SANDUKU LA HUDUMA YA KWANZA (KWA WAHALIFU). Wezi watatu wamenasa kwenye gundi, wanatabasamu kwa aibu. Polisi anampigia saluti.

Mchoro ni mzuri. Pengine ndio mzuri kuliko yote kwa mpangilio, maana vibao vimenipa mistari iliyonyooka na gari linakata jalada kimshazari.

Mhariri Mort Weisinger, aliyesimamia majarida ya Superman, alikuwa akiwauliza watoto wa mtaani kwake wangependa kuona nini. Nikasema nami nijaribu. Nimewaonyesha watoto wa jirani majalada yaliyokamilika. Bane wamemwelewa mara moja na wakagombania kuwa Bane. Kwa Punisher mmoja wao, yule mkimya, aliangalia kwa muda.

«Anko, huyu anaitwa Muadhibu?»

«Ndiyo.»

«Sasa mbona hamuadhibu mtu?»

Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama lipo. Bane ukimtoa damu anabaki Bane. Venom ukimtoa meno bado ni vazi linalong'ang'ania. Castle ukimtoa mauaji unabaki na fundi wa gundi. Nimejaribu kujiambia kwamba huo nao ni utani, lakini ni utani wangu mimi ninayejua, na nilishasema mwanzoni kukonyeza hakuruhusiwi. Jalada linabaki kwenye mkusanyiko kwa sababu linaonyesha mpaka ulipo. Ukurasa wa ndani sitauchora.

Aprili, mwishoni: Deadpool

Watu walionifuata tangu mwanzo walikuwa wakimsubiri huyu. Wakadhani ndiye rahisi: mchekeshaji, rangi nyekundu, anaongea na msomaji. Kumbe ndiye mwenye mtego.

Deadpool, tangu New Mutants namba 98 ya Februari 1991 hadi leo, amekua akawa mtu anayejua kwamba yumo ndani ya katuni na anaicheka. Mtu anayeicheka katuni hawezi kuishi ndani ya katuni isiyojicheka. Mchoro wa kwanza ulikuwa na Deadpool ameegemea muhuri wa Kanuni anasema jambo la kejeli. Ulichekesha, na ulikuwa wa mwaka huu kabisa. Nikauweka kando.

Jibu nimelikuta kwenye The Flash namba 163, Agosti 1966. Jaladani Flash amesimama, kiganja amekinyoosha usoni kwa msomaji kama askari wa usalama barabarani, anamsihi asilipite jarida lile kwa sababu uhai wake unategemea hilo. Hakuna adui, hakuna mandhari, ni mtu na kiganja. Julius Schwartz, mhariri wake, mara nyingi alikuwa na mtindo wa kuanza na jalada: wanabuni picha ya ajabu kwanza, kisha mwandishi anaambiwa akatafute hadithi itakayoieleza. Miaka miwili baadaye, katika namba 179, Flash akaangukia ulimwengu wetu huu na kwenda kwa Schwartz mwenyewe ofisini kuomba msaada.

Yaani kuvuka ukuta walivuka, ila walivuka wakiwa na hofu ya kweli. Deadpool wangu naye anajua kwamba yumo jaladani, na jambo hilo linamtisha. Amebandika viganja vyote viwili kwenye ukurasa kama mtu aliye nyuma ya kioo cha dirisha, macho meupe yamemtoka.

«WEWE! NDIYO, WEWE UNAYESOMA! USIFUNUE! NIKIFIKA UKURASA WA 8 NINAKWISHA!»

Ameacha kuwa mjuaji wa darasa, amekuwa mtu wa kuhurumiwa, na bado ni Deadpool. Kati ya yote hili ndilo jalada ninalolipenda.

Nyongeza ya ufundi: Bane na Harley ni wa kampuni ya DC, kwa hiyo juu ya majalada yao nimepitisha ule mkanda wa drafti nyeusi na nyeupe ambao DC waliuweka 1966 hadi 1967 ili majarida yao yaonekane kwa mbali rafuni. Wa kampuni ya Marvel wana kile kisanduku cha kona chenye picha ndogo ya mhusika. Mtu anayechanganya vitu hivi viwili ananiumiza jicho, na wako wengi.

Mei: Miles Morales

Miles, ambaye naye ni Spider-Man, alitokea Agosti 2011, kijana wa Brooklyn, baba Mmarekani mweusi, mama wa Puerto Rico. Mwandishi Brian Michael Bendis, mchoraji Sara Pichelli. Ni hapa ambapo masharti yangu yanatoa harufu, na ni bora niseme wazi nilivyoamua.

Black Panther, shujaa mweusi, alitokea Fantastic Four namba 52, Julai 1966. Kabla yake nafasi ilikuwa finyu na hata iliyokuwapo iligombaniwa. Kwa jarida la mwanzoni mwa 1956, William Gaines wa kampuni ya katuni ya EC alitaka kuchapa upya hadithi ya mwanaanga ambaye katika fremu ya mwisho anavua kofia, tunamwona ni Mweusi, jasho linamng'aa usoni. Mkaguzi wa Kanuni akataka abadilishwe. Gaines akagoma, ikatoka ilivyo, na likawa jarida la katuni la mwisho la kampuni yake. Kisha Sgt. Fury namba 1 ya 1963: Gabe Jones, mwanajeshi mweusi, kwenye jarida lililochapwa alitoka na ngozi ya waridi, kwa kuwa waliotenga rangi walidhani maelekezo yamekosewa. Stan Lee ikabidi awaandikie kuwafafanulia.

Ningefuata mwaka 1966 neno kwa neno, Miles asingepata jalada. Nimeamua masharti ya mashine na ya Kanuni iliyoandikwa nayafuata, ile ambayo haikuandikwa siifuati. Mradi unapima mhusika kwa karatasi na wino. Hauna haja ya kurudia tusi ili uonekane mwaminifu.

Kinyago cha Spider-Man kinafunika kichwa chote, kwa hiyo ningeweza kumchora bila kugusa ngozi kabisa. Sikutaka. Steve Ditko, aliyemchora Spider-Man hadi katikati ya 1966 kabla ya John Romita kupokea, alikuwa na alama yake: uso uliogawanyika, nusu Peter Parker, nusu kinyago, hatari inapokaribia. Nimempa Miles uso huo, tena mkubwa, katikati ya jalada. Vidole vya Ditko pia, vile virefu vinavyojikunja kama vinaongea.

Ikabaki kuipata ngozi yenyewe ndani ya rangi 64. Ukiweka nusu tatu sawasawa unapata kijivu cha simenti, na ndicho watu wengi weusi walichopakwa katika majarida ya zamani. Ukizidisha njano na kuacha samawati kwenye nusu, inakuwa kijani ya zeituni. Majibu yalikuja kwenye njano kamili, nyekundu nusu, samawati robo. Peke yake ni nyepesi mno kwa Miles, inakaribia shaba. Kwa hiyo giza lililobaki nimelitafuta kwenye wino: mistari myembamba ya brashi chini ya shavu, pembeni ya pua, juu ya kope, nyeusi ikifanya kazi ambayo rangi haiwezi. Kwa mbali jicho linachanganya na unaona kahawia yenye joto. Ukisogea unaona mistari. Ingewezekana 1966, kwa sahani zilezile na mafundi walewale, kama mtu angetaka.

Ukurasa wa ndani ni mwepesi. Miles ana uwezo wa kutoonekana, na wa kale wangeuchezea hivi: amechelewa darasani, anapita ukutani bila kuonekana, lakini begi la shule linaonekana. Walimu wanatazama begi linalopanda ghorofa ya 3 peke yake. Mwalimu mkuu: «BEGI HILO LIMECHELEWA!»

Mei, mwishoni: herufi

Nimeandika herufi zote kwa mkono, kubwa tupu, kwa rula na penseli. Kiswahili kina maneno marefu, na kiputo cha duara hakipendi neno kama NIMEKWISHAWAFUNGULIA. Mchoraji wa Kimarekani alijaza kiputo kwa maneno ya silabi moja moja. Mimi nimelazimika kuvilaza vipana na kuandika sentensi upya ili neno refu likae katikati, pale tumbo la kiputo lilipo pana. Nukta nimezifuta, alama ya mshangao imechukua nafasi. Wenyewe walifanya hivyo pia, kwani kwenye karatasi ile nukta ilikuwa rahisi kupotea.

Upande wa sauti tumejaliwa. Katika msimu wa kwanza wa Batman ya televisheni maneno ya ngumi yaliwekwa juu ya picha yenyewe. Baadaye, kubana matumizi, yakawa kadi za rangi zinazokatiza pambano. Sisi tunaanguka kwa kuchagua mahali: majini CHUBWI, mchangani TIFU, sakafuni PU. Penseli ya Bane imekatika KACHA! kwa herufi za njano zenye kivuli chekundu, na herufi ya mwisho nimeipasua katikati.

Juni: kwenye mashine

Nimepata mtu wa kuchapa Kariakoo aliye tayari kutumia karatasi ya gazeti kwa kazi ndogo. Shida imekuja kwenye jambo ambalo sikulitegemea: mashine yake ni nzuri mno. Rangi nne zinakaa juu ya mstari bila kupepesuka hata unywele. Kwenye majarida ya zamani njano iliteleza kidogo, midomo ikawa na kivuli pembeni, na nilitaka hivyo. Nikamwomba fundi aisogeze sahani ya njano.

«Kaka, rangi ikitoka nje ya mstari mteja anarudisha mzigo. Wewe unaomba itoke?»

«Kidogo tu.»

«Halafu mtu akiona ataniuliza nani kachapa.»

Alikataa katakata, na kwa heshima ya kazi yake alikuwa na haki. Tumekubaliana nisogeze njano kwenye faili, yeye achape kilicholetwa, kikamilifu. Karatasi za majaribio zimetoka jana. Karatasi imenyonya wino kiasi kwamba zambarau ya juisi ya Bane imeiva kuliko kwenye skrini, na shavu la Miles limetulia vizuri. Nilihofia samawati itapanda, haikupanda. Deadpool anahitaji nyeupe zaidi machoni. Muhuri wa kona nimeuchora wangu, wenye maneno IMEPITISHWA NA MAMA MWENYE NYUMBA, kwani ule wa kweli ulikufa mwaka 2011 DC na Archie walipouacha, na sikuona sababu ya kuuiga.

Hayatauzwa. Wahusika ni mali ya wenyewe huko Marekani, mimi nataka yaonekane ukutani na kwenye mkoba wangu wa kazi tu. Bado Jessica Jones. Yeye ni wa 2001, mpelelezi mwenye chupa mezani na jambo baya nyuma yake ambalo Kanuni isingeruhusu hata lidokezwe. Nimeshachora ofisi: kabati la faili lenye urefu wa ghorofa 4, ngazi imeegemezwa, na yeye yuko juu kabisa anatafuta faili la herufi J.